Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu, TAMISEMI na TET (Taasisi ya Elimu Tanzania): waacheni watoto watengeneze gemu zao wenyewe

Waheshimiwa, shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Muheza mkoani Tanga, nafundisha hisabati na sayansi, darasa la tano na la sita. Barua za kupitia ngazi nimeshaandika mbili, sikujibiwa, kwaiyo hii naiandika hadharani na ninaomba msinichukulie vibaya, sijaja kumshtaki mtu. Nimekuja na ombi moja tu. Naomba mtoto wa shule ya msingi aruhusiwe, tena kwa maandishi, kujifunza kompyuta kwa kutengeneza gemu. Sio kucheza gemu, kutengeneza. Na naomba kazi hiyo ihesabiwe kama kazi ya shule, isiwe kitu cha mwalimu mmoja mwenye moyo siku ya Jumamosi.

Ngoja nianze na tunavofundisha sasa ivi. Mwalimu anachora ubaoni. Anachora kibodi, anachora kipanya, anachora monita, pembeni anaandika kazi ya kila kimoja, watoto wananakili kwenye daftari kwa rula na penseli za rangi vizuri kabisa, halafu kwenye jaribio tunauliza taja sehemu nne za kompyuta. Wanazitaja. Mimi nimefundisha hivo miaka sita na wanafunzi wangu walikuwa wanafaulu. Siku niliyopata laptopu yangu ya kwanza nikamuita mtoto aliyepata nne kwa nne, nikamkalisha mbele yake, nikamwambia haya shika kipanya ufungue. Akakishika, akakinyanyua juu, akakielekeza kwenye skrini kama rimoti ya TV na akawa anabonyeza. Nilisikia uchungu mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu yule mtoto hakukosea kitu, alifanya alichofundishwa, na aliyemfundisha ni mimi.

Na sio kwamba vifaa havipo kabisa. Kuna shule niliwahi kufundisha, sitaitaja, ina chumba cha kompyuta na kompyuta zenyewe zilikuwa kumi, zimefunikwa vitambaa vizuri vilivyodariziwa, mlango una kufuli mbili. Kwa miaka mitatu niliyokaa pale hakuna mtoto aliyeingia. Ukiuliza unaambiwa zitaharibika, nani atalipa. Na mimi namuelewa kabisa mkuu wa shule ya namna ile, maana kitu cha serikali kikivunjika mkononi mwako maswali yake unayajua, lakini kompyuta nazo zilizeeka pale pale ndani, betri zikafa, hazikuvunjwa na mtoto yeyote.

Sasa niwaambie nilichokiona kwa macho yangu.

Nilinunua laptopu iliyotumika Tanga mjini, nikaidanlodi programu inaitwa Scratch kwa bando la usiku, mara moja tu, nikaiweka kwenye flashi. Baada ya hapo sijahitaji intaneti tena. Ni ya bure, ilitengenezwa pale chuo kikuu cha MIT Marekani na kundi la Profesa Mitchel Resnick ikatoka mwaka 2007, na inafanya kazi kwa vipande vya rangi ambavyo mtoto anavibandika kimoja chini ya kingine, kipande cha kusogea, kipande cha kurudia, kipande cha "ikiwa hivi basi fanya hivi". Hakuna kuandika mistari mirefu ya alama alama. Na jambo ambalo wengi hawalijui, ukienda kwenye lugha unakuta Kiswahili kimo. Yaani mtoto wangu wa darasa la tano anasoma amri kwa lugha anayosomea hisabati.

Darasani nina watoto 62 na laptopu moja. Nilichofanya ni kukata maboksi ya biskuti tukavitengeneza vile vipande kwa mkono, tukavipaka rangi, kila kundi likawa linapanga programu yake chini kwenye sakafu kwanza, likishajadiliana na kukubaliana ndio linakuja kwenye mashine kujaribu. Kundi moja dakika kumi. Wengine wanangoja wakiwa wanabishana kwenye maboksi yao, na huko kwenye kubishana ndiko kazi kubwa inapofanyika, mashine inakuja kuamua tu nani alikuwa sahihi.

Gemu ya kwanza waliichagua wenyewe. Huku kwetu ni machungwa, mnajua, ukipita barabara ya Segera kwenda Tanga msimu wake unayaona yamepangwa pembeni mpaka unachoka kuangalia. Kwaiyo gemu ni hii: machungwa yanadondoka kutoka juu, chini kuna tenga, unalisogeza kushoto na kulia kwa mishale ya kibodi, ukidaka chungwa unapata pointi. Basi. Mtu mzima akiiangalia ataona ni kitu kidogo sana.

Kundi la kwanza likaweka chungwa lisogee kwa 5. Wakabonyeza bendera ya kijani, ile ya kuanzisha gemu, chungwa likapaa juu likagota mawinguni. Darasa zima likacheka, na wenye kundi wakacheka. Nikakaa kimya. Binti mmoja akasema mwalimu 5 inapandisha, sasa ya kushusha ni ipi, mwenzake akasema weka 5 ya kutoa. Wakaweka alama ya kutoa mbele ya tano, chungwa likashuka. Waheshimiwa, namba hasi nimezifundisha kwa mstari wa namba ubaoni, kwa mfano wa deni la duka, kwa mfano wa baridi ya Ulaya ambayo mtoto wa Muheza hajawahi kuisikia mwilini, na kila mwaka kuna watoto zinawapita. Siku ile zilieleweka ndani ya dakika moja. Jukwaa la Scratch katikati yake ni sifuri, upana wake ni 480, kwaiyo kulia unaenda mpaka 240 na kushoto mpaka 240 hasi, kimo ni 360, juu 180 na chini 180 hasi. Wiki ya pili walikuwa wananiambia tenga liko hasi mia na ishirini kama wanavyoniambia daftari liko kwenye begi.

Halafu ikaja shida ya pointi, na hii naomba niieleze taratibu maana ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Walivyodaka chungwa la kwanza pointi zikaruka kutoka 0 mpaka 11. Chungwa moja pointi 11. Wakashangilia kwanza, halafu kijana mmoja ambaye kwa kawaida darasani hanyooshi mkono akasema hapana, hii imebuma, tumedaka moja. Akakaa anaangalia. Akaomba wadake tena. Safari hii 10. Akasema inahesabu kila saa. Nikamuuliza unamaanisha nini, akasema mwalimu si tumeiambia irudie rudie, ikiwa chungwa linagusa tenga ongeza moja, sasa chungwa likiwa linapita ndani ya tenga linakuwa linagusa bado, linagusa bado, linagusa bado, na kila likigusa inaongeza. Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akafikiri, akasema likigusa mara moja tu tuliondoe pale pale, tulirudishe juu. Wakaongeza kipande kimoja, chungwa likidakwa linarudi juu mahali popote pa kubahatisha. Moja ikawa moja.

Mimi sikumwambia jibu, na sikuwa nalo. Naapa sikuwa nalo, nilikuwa najifunza usiku mmoja mbele yao. Huyo kijana kwenye daftari lake la hisabati kuna mikasi myekundu, zile alama za kukosa, kuanzia mwezi wa kwanza, na mtoto akishapigwa mkasi kwenye daftari anafunga ukurasa, haurudii. Kwenye gemu kosa halina mkasi. Kosa ni chungwa linalopaa, ni pointi zinazoruka, ni kitu kinachoonekana na kila mtu, na mwenye kosa ndiye mwenye hamu kuliko wote ya kulitafuta liko wapi. Sijawahi kuona mtoto anarudia swali la hisabati mara saba kwa hiari yake. Gemu wameirudia mara saba na kengele imeshalia na njaa zinawauma.

Haya mambo hayajaanza leo. Mwaka 1967 kule Marekani Seymour Papert na wenzake Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walitengeneza lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo, mtoto anamwamuru kobe wa kompyuta, mbele hatua hamsini, geuka kulia nyuzi tisini, na kobe anachora. Papert huyo alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Tunaweza kufanya kama kobe wake bila hata umeme, mimi nachora miraba kwa chaki uwanjani, mtoto mmoja anakuwa kobe amefumba macho, wenzake wanampa amri mpaka afike kwenye jiwe bila kukanyaga mistari, na akikanyaga wanatafuta amri ipi ilikosewa. Uingereza kompyuta imekuwa somo la lazima kwa watoto kuanzia miaka mitano tangu Septemba 2014. Jirani zetu Kenya waliidhinisha silabasi ya kufundisha watoto kuandika programu mwaka 2022. Siyasemi haya kwa kushindana. Nasema tu kwamba hatutakuwa tunabahatisha, njia imeshapitwa.

Sasa nije kwenye vishikwambi maana najua swali la kwanza litakuwa pesa. Baada ya sensa ya 2022 serikali iligawa vile vishikwambi vya sensa kwa walimu, nchi nzima, na mimi nashukuru kwa dhati, ni jambo kubwa ambalo sikutegemea kuliona. Walimu wengi tunavitumia kwa maandalio ya masomo na kutuma takwimu. Scratch ina toleo la vishikwambi vya Android. Tulijaribu kwenye kishikwambi cha mwenzangu, ikafunguka, watoto wakaisogeza kwa vidole, hata ule usumbufu wa kuzoea kipanya ukawa haupo. Kwaiyo shule yenye walimu tisa ina mashine tisa tayari zimeshalipiwa. Kinachotuzuia ni hofu. Sijaona waraka unaosema mwanafunzi anaweza kukishika, na mwalimu hajui kikidondoka itakuwaje, na mimi mwenyewe siku ile roho ilikuwa mkononi. Tuandikieni waraka. Hata ukurasa mmoja, useme kishikwambi cha mwalimu kinaruhusiwa kutumiwa na wanafunzi darasani chini ya usimamizi wake na kikiharibika wakati wa somo mwalimu hatakatwa mshahara. Huo ukurasa mmoja utafungua shule nyingi kuliko kontena la kompyuta mpya.

Na kompyuta za Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote zipo kwenye shule kadhaa, na wao wanatoa na mafunzo kwa walimu, hilo ni jema sana, naomba tu kwenye hayo mafunzo siku moja kati ya hizo iwe ya kutengeneza gemu kwa mkono wako mwenyewe, mwalimu aondoke na gemu yake kwenye flashi. Mwalimu ambaye hajawahi kuona chungwa lake linapaa hataweza kuvumilia la mtoto, atamnyang'anya kipanya amrekebishie. Nimeona walimu wazuri kabisa wanafanya hivyo na mtoto anabaki ameshika mikono nyuma. Tuna MEWAKA tayari, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakaa shuleni na kwenye vikundi vya shule jirani tunajadili mada ngumu, naomba TET mtuwekee mada hii humo, hatuhitaji posho wala hoteli, tunahitaji moduli ya Kiswahili yenye gemu kama nne za kuanzia na makosa ya kawaida yanayotokea, maana makosa hayo yanafanana kila mahali, lile la pointi 11 nina uhakika litatokea Kigoma na litatokea Mtwara. Na mkiwa mnaandaa, kaeni na BAKITA muipitie na ile tafsiri ya Kiswahili ya Scratch, imenisaidia sana lakini kuna maneno wanafunzi wangu waliyasoma mara tatu ndio wakayaelewa.

Nizungumzie na wazazi kidogo, kwa sababu walikuja. Baba mmoja alikuja shuleni amekasirika, kasikia mwanae anafundishwa gemu. Kwake gemu ni zile mashine za kutumbukiza sarafu zilizojaa vibandani, ambazo watoto wanaiba hela ya madaftari wanaenda kuzimaliza pale. Sikumlaumu hata kidogo, hasira yake ni hasira yangu. Nikamkaribisha akae nyuma. Siku ile kwa bahati kulikuwa na kijana anatengeneza mashine kama hiyo hiyo ndani ya Scratch, unaanza na sarafu 100, kila ukibonyeza inakula moja, kompyuta inachagua namba ya kubahatisha kati ya 1 na 10, ikitoka 10 inakulipa sarafu tano. Akaibonyeza mara mia moja mbele yetu, wenzake wanahesabu kwa sauti. Akabaki na 45. Akaambiwa jaribu tena labda bahati mbaya, akajaribu, ikashuka tena. Halafu akamgeukia yule baba akamwambia mzee, hapa mimi ndiye niliyeandika iwe tano, ningeandika kumi watu wangetoka sawa sawa, ila mwenye mashine hawezi kuandika kumi. Yule baba alikaa kimya muda mrefu. Wiki iliyofuata alituletea kiti na kipande cha waya wa kuongezea umeme.

Kuhusu wasichana sitasema mengi. Aliyeweka chungwa bovu kwenye gemu, ambalo ukilidaka unapunguziwa pointi, ni msichana, na akarekodi sauti yake ikisema "hilo limeoza" kila ukilidaka, na sasa ivi shule nzima inaisema hiyo sentensi. Wakiachiwa mashine pamoja na wavulana bila utaratibu wanasukumwa pembeni, kwaiyo mwalimu lazima apange zamu. Ni hilo tu, uwezo haujawahi kuwa ishu.

Kuna mgeni mmoja mwenye cheo alipita shuleni akatukuta tumepanga maboksi sakafuni. Akauliza hii imo kwenye azimio la kazi? Nikasema haimo moja kwa moja. Akauliza itatoka kwenye mtihani? Nikasema hapana. Akaandika kitu kwenye daftari lake akaondoka. Sina kinyongo naye, alikuwa anafanya kazi yake kwa karatasi aliyopewa. Karatasi hiyo mnaiandika ninyi. Mtaala ulioboreshwa tulioanza kuutekeleza 2024 unazungumzia umahiri, mtoto aweze kufanya, na mimi sijui umahiri gani ni mkubwa kuliko wa mtoto wa miaka kumi na moja kuandika kanuni za mchezo wake, kuziona zinakataa, na kuzirekebisha mpaka zikubali. Wekeni mstari mmoja kwenye muhtasari: mwanafunzi atengeneze gemu moja rahisi na aeleze inavyofanya kazi. Msiiweke kwenye mtihani wa kuchagua A mpaka D, nawaomba sana, mkiiweka huko tutarudi kuchora vipande ubaoni na watoto watakariri rangi zake.

Mkitaka kuipa heshima yake, ipelekeni UMITASHUMTA, yale mashindano ya Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania. Jina lenyewe linasema michezo na taaluma, kila mwaka watoto wanakimbia, wanacheza mpira, wanaimba kwaya, na mimi nimepeleka timu ya netiboli mpaka mkoani najua mtoto anavyorudi pale amebadilika. Wekeni meza moja, laptopu mbili, watoto waje na gemu zao kwenye flashi kutoka wilayani kwao, wavuvi wa Ukerewe waje na samaki zao, wa Makete waje na viazi vyao, wachezeshane na waelezane walivyotengeneza.

Nimalizie na tulipofikia, maana kazi inaendelea. Kuna dogo mmoja wa darasa la sita anatengeneza bao. Nilimwambia ni gumu, bao lina mashimo 32 na kete 64, akasema babu yake analicheza akiwa anapiga stori. Kaanza na upande mmoja tu, mashimo 16, kazi ni kuokota kete na kuzisambaza moja moja. Zilisambaa vizuri mpaka shimo la 16, halafu kete zikawa zinapotea. Tulitafuta wiki mbili. Jumamosi iliyopita akanifuata mlangoni hata sijaweka begi chini, akasema mwalimu nimezipata, zinaenda shimo la 17. Hakuna shimo la 17, kwaiyo zinadondokea huko pasipokuwepo. Kaandika ikifika 17 iwe 1. Kete zikazunguka zikarudi nyumbani.

Sasa anataka kuweka kula kete za mwenzake na hapo mimi naye wote hatujui tuanzie wapi. Tunakutana kila Jumamosi saa nne asubuhi mpaka saa saba, darasa la mwisho karibu na mwembe. Yeyote kati yenu akipita njia hii karibuni sana, mtatukuta.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa hisabati na sayansi, shule ya msingi, Muheza